Nguruwe Mzima wa Carolina



Kabla ya kuanza yatupasa kutaka radhi. Habari tulizo nazo jioni hii ni za nyama ya nguruwe, na twajua vyema ya kuwa wengi miongoni mwenu hawaili, hawaigusi, wala hawapendi kuisikia ikitajwa karibu na wakati wa chakula. Hatuna nia ya kumshawishi mtu yeyote aile. Tunayotaka kuyasimulia ni mambo ya moto, ya kukesha, na ya kugawa nyama. Na kila aliyewahi kusimama kando ya mbuzi anayechomwa aweza kuyasikiliza na kuyapima. Atakayeudhika na afunge chombo chake, nasi hatutamlaumu.

Mahali penyewe ni upande wa mashariki wa jimbo la North Carolina, katika Marekani ya kusini. Nchi hiyo ni tambarare, udongo wake una mchanga, na kwa miaka mingi watu wake wameishi kwa tumbaku, viazi vitamu na nguruwe. Humo mna mji mdogo uitwao Ayden. Mwaka 1947 kijana mmoja, Pete Jones, alifungua hapo nyumba ya chakula akaiita Skylight Inn. Yeye amekwisha fariki, mwaka 2006, lakini nyumba ingalipo, na jamaa zake ndio waiendeshao. Ukoo huo husimulia kwamba wazee wao walikuwa wakichoma nguruwe na kuwauzia watu tangu karne ya 19. Juu ya paa pameinuliwa kuba la mbao, mfano wa lile kuba la Bunge lililoko Washington, kwa kuwa wenyewe hudai hapo ndipo makao makuu ya nyama ya kuchoma kwa dunia nzima. Majigambo hayo tumeyasamehe. Mpishi asiyejisifu, nani atakwenda kula kwake?

Lakini msafiri mwenye akili haangalii kuba. Huzunguka nyuma ya nyumba, akaona rundo la magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa, makubwa kama kibanda cha mtu. Hapo hujua ya kuwa hakudanganywa.

Tulifika kabla ya saa sita mchana. Moshi tuliunusa tungali barabarani, na tulipofungua mlango tukasikia mlio kabla hatujaona kitu: ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama wanawake wawili watwangao kinu kimoja. Mlio huo hutoka kwa mtu asimamaye nyuma ya meza ya kuuzia, mbele ya macho ya wanunuzi wote, na visu vipana viwili vya mchinjaji, kimoja mkono wa kuume, kimoja mkono wa kushoto. Hukatakata nyama juu ya ubao mnene wa mti, na ubao huo, kwa wingi wa miaka na wingi wa visu, umelika katikati ukawa na bonde.

Karatasi ndefu ya kuchagulia chakula hakuna. Muuzaji hakuuliza tutakula nini. Aliuliza tu kama twataka sinia dogo, la kati au kubwa. Masinia yenyewe ni ya karatasi. Katika la chini hutiwa nyama iliyokatwakatwa. Juu yake huwekwa kipande bapa cha mkate wa mahindi. Na juu ya mkate huo sinia jingine dogo lenye kabichi mbichi iliyokatwa laini sana, yenye utamu kidogo. Hupewa mtu mnara mzima mkononi, akaenda kutafuta pa kuketi. Kinywaji ni chai; lakini chai yao ni baridi, ina vipande vya barafu na sukari tele, jambo ambalo mzee wa pwani angeliona ni kuidhulumu chai. Sisi tuliinywa. Siku ile jua lilikuwa kali.

Sasa tuseme habari ya nyama. Nguruwe huchomwa mzima; na akiisha kuiva, kila kiungo chake hukutana pale juu ya ubao: bega, paja, ubavu, shavu, na nyama ya tumboni yenye mafuta. Vyote hukatwa pamoja hata visijulikane. Hunyunyiziwa chumvi, na pilipili manga, na siki, na mchuzi mwekundu wa pilipili kali. Mwisho huja ngozi. Ngozi hiyo imekaushwa kwa makaa hata ikawa ya kuvunjika kama kigae, nayo hukatwa vipande vidogo vidogo ikachanganywa na nyama. Basi ulapo, tonge hili ni laini na lina mafuta, tonge lile ni kavu kidogo na lina ladha ya moshi, na ghafula jino hukutana na kitu kinachovunjika, kama ukoko. Siki hufanya kazi ile ile ifanywayo na ndimu katika nyama yetu ya kuchoma: hukata mafuta, ikamwita mlaji arudie. Ama ule mkate wa mahindi, asitarajie mtu kitu cha kuumuka. Hauna hamira wala sukari. Ni unga, maji, chumvi na mafuta ya nguruwe, umeokwa hata ukawa mzito na kingo zake ngumu. Aliyekulia katika nyumba ya ugali ataujua kwa jino la kwanza.

Mwenzetu mmoja katika safari ile ni mtu wa bara, tena wa ukoo unaoheshimu sana mambo ya nyama. Alikwenda kwa muuzaji akaomba, kwa adabu, apewe ubavu peke yake. Muuzaji hakukasirika. Alimwonyesha ule ubao tu. Ubavu ulikuwa mle ndani, na paja lilikuwa mle ndani, na hapakuwa na mtu duniani awezaye kuvitenga tena.

Mwenzetu alirudi amenyamaza, nasi tukamwelewa. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe kabla kisu hakijagusa ngozi. Kidari kina wenyewe, mguu una wenyewe, kichwa kina wenyewe, na mkwe akipewa kipande kisichomstahili jambo hilo halisahauliwi mwaka ule wala wa pili. Ugawaji wetu ni namna ya kusema nani ni nani. Hapa tuliona ugawaji mwingine kabisa. Mwenye gari kubwa na mfagia barabara hupata sinia lile lile, lenye shavu na paja pamoja, wala hakuna awezaye kusema yeye kapewa kilicho bora. Hata katika jimbo lilo hilo si wote wapendao desturi hii. Upande wa magharibi, katika mji wa Lexington na kandokando yake, huchoma mabega tu, na siki yao huitia nyanya kidogo. Na watu wa mashariki huyazungumza mambo hayo kama mtu azungumzavyo habari za jirani aliyepotoka.

Baada ya kula tuliomba kuona jikoni, tukaruhusiwa. Jiko lenyewe ni jengo la peke yake, jeusi kwa masizi tangu sakafu hata dari. Kando moja pana meko makubwa ambamo magogo huwashwa mpaka yaanguke na kuwa makaa. Kandokando ya kuta pana matanuru ya matofali, marefu, ya kimo cha kiuno, yenye vyuma vilivyolazwa juu yake. Nguruwe aliyekwisha safishwa, uzito wake kilo 70 hata 90, hupasuliwa kwa tumboni akafunguliwa kama kitabu, akalazwa juu ya vyuma, nyama ikiangalia chini na ngozi ikiangalia juu. Kisha mtu huchota makaa kwa sepeto akayatawanya chini yake. Na hapo pana elimu. Bega na paja ni nene, hutaka makaa mengi; katikati ni pembamba, hutaka machache mno. Makaa yakizidi, mafuta hudondoka yakashika moto, na kwa dakika chache nguruwe na jengo huwa kitu kimoja. Makaa yakipungua, nyama hulala bila kuiva. Moto ni wa pole, na kazi huchukua saa kumi na mbili na zaidi. Huanza jioni, ikapita usiku kucha, na asubuhi nguruwe hugeuzwa, ngozi ikawa chini, ikakaushwa kwa makaa.

Hatari hiyo ya moto si maneno ya kutishia watoto. Huko Hemingway, katika South Carolina, pana nyumba nyingine mashuhuri ya kazi hii, ya ukoo wa Scott, iliyofunguliwa mwaka 1972. Mwezi Novemba 2013 jiko lao liliungua, na mwana wa ukoo huo, Rodney Scott, akazunguka miji ya Kusini akipika mbele za watu ili apate fedha za kulijenga upya.

Basi mambo yote ya chakula hiki hurudi katika neno moja: lazima pawe na mtu asiyelala. Siki yaweza kununuliwa, na magogo yaweza kuletwa kwa gari, lakini usiku hauna dawa. Nasi tuliposimama mle jikoni tulijiuliza, zamani mtu huyo alikuwa nani?

Neno lao kwa mapishi haya ni barbecue, nalo asili yake si Kiingereza. Wahispania walilipata katika visiwa vya Karibi, kwa wenyeji waitwao Wataino, waliokuwa wakiweka nyama na samaki juu ya uchanja wa miti, moto ukiwa chini, wakaliandika barbacoa. Nguruwe naye ni mgeni katika bara lile: Hernando de Soto aliteremsha kundi lao katika pwani ya Florida mwaka 1539. Jina, basi, ni la visiwani, na mnyama ni wa Ulaya. Ama mikono iliyokesha kando ya shimo la moto, katika mashamba makubwa ya Kusini, kwa sehemu kubwa ilikuwa mikono ya watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ya watoto wao. Bwana shamba alialika wageni mia. Watumwa walichimba handaki, wakapasua kuni, wakageuza nyama mpaka kulipopambazuka. Mwaka 1937 serikali ya Marekani ilipokuwa ikituma watu kuandika kumbukumbu za wazee waliozaliwa utumwani, mzee mmoja wa South Carolina, Wesley Jones, alieleza jinsi alivyokuwa akikesha usiku mzima kabla ya karamu, akipika nyama na kuipaka mchuzi wa siki na pilipili. Ukisoma maneno yake leo ukayalinganisha na yafanyikayo Ayden, huoni tofauti kubwa. Siki ile ile, pilipili ile ile, usiku ule ule.

Na hapa ndipo palipotuchoma sisi. Nyama ilichanganywa hata pasijulikane paja ni lipi na shavu ni lipi, lakini walaji hawakuchanganywa. Utumwa ulipokwisha zilikuja sheria na desturi za kutenga watu kwa rangi, na mtu mweusi aliyepika usiku kucha hakuwa na ruhusa, katika nyumba nyingi za chakula za majimbo yale, kuketi mezani mchana akala alichokipika. Alipokea sehemu yake kwa mlango wa nyuma au kwa dirisha, akaenda kula kwingineko. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye meza ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, katika jimbo hilo hilo la North Carolina, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakakaa palepale mpaka duka likafungwa. Sheria ya Haki za Raia ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964. Hata hivyo mwenye Piggie Park, nyumba za kuuza nyama ya nguruwe katika South Carolina, aliendelea kukataa kuwahudumia weusi sawasawa na wengine, akadai mahakamani, pamoja na hoja nyingine, kwamba sheria ile inapingana na imani yake ya dini. Kesi ilifika hata Mahakama Kuu ya nchi, nayo mwaka 1968 haikuipa hoja hiyo uzito hata wa punje ya haradali.

Twasema haya kwa sababu sisi tuliketi. Meza ya jirani alikuwako mkulima mmoja mzee, mweupe, mwenye kofia aliyosahau kuivua. Na nyuma yake mama mmoja mweusi na wajukuu watatu, mdogo akichagua vipande vya ngozi kwa vidole na kuacha vingine vyote. Hakuna aliyetuangalia. Lau tungalisafiri katika majimbo yale mwaka 1950, na ngozi zetu hizi, jambo la kwanza la kuuliza lingalikuwa ni mlango gani. Siku ile swali letu la kwanza lilikuwa dogo au kubwa. Twakiri kwamba tulizitazama zaidi zile meza kuliko sinia letu, hata nyama ikapoa.

Sifa nazo zilichelewa. Kwa muda mrefu vitabu na magazeti viliandika habari za wenye nyumba, wala havikuandika habari za wenye sepeto. Yule Rodney Scott tuliyemtaja alipika nguruwe wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mwaka 2017 alifungua nyumba yake mjini Charleston, na mwaka 2018 akapewa nishani ya James Beard ya mpishi bora wa majimbo ya kusini-mashariki, nishani ambayo kwa desturi huwaendea wapishi wa meza zenye vitambaa vyeupe. Skylight Inn nayo ilikuwa imekwisha pewa heshima ya wakfu huo huo, mwaka 2003, katika fungu la nyumba za zamani zipendwazo na watu wake.

Lakini heshima haipasui kuni. Tangu miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za kazi hii ziliacha kuni zikafuata gesi na umeme, nasi hatuwezi kuwacheka. Jiko la gesi halimwamshi mtu. Huliwasha jioni, ukalipimia moto, ukaenda kulala na mke wako. Asubuhi nyama imeiva. Haina moshi, haina masizi, wala haiunguzi jengo. Kuni ni ghali, na kijana wa leo akiambiwa mshahara wa kukesha na masepeto ya makaa huuliza kama hakuna kazi nyingine. Mwaka 2013 mabwana wawili, John Shelton Reed na Dan Levine, walianzisha juhudi ya kuzitambua kwa cheti zile nyumba zinazopika bado kwa kuni. Jambo jema; ingawa tulipokuwa tukisoma habari hizo tuliwaza ya kuwa cheti ni karatasi, na karatasi ni mojawapo ya vitu vinavyowashia moto vizuri. Anayeweza kula kwa kufumba macho na kusema hii ni ya kuni na hii ni ya gesi, yupo, nasi tulikutana na zaidi ya mmoja waliodai hivyo. Sisi hatukujaribiwa. Tunachoweza kukiapia ni kwamba nguo zetu zilinuka moshi wa mwaloni kwa siku tatu, na mwenye nyumba ya wageni tuliyolala alitambua tulikokula kabla hatujafungua kinywa.

Kabla ya kuondoka tulirudi nyuma ya nyumba kuaga. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na mzee aliyetuonyesha jikoni alikuwa akihamisha magogo, akiyagonga moja moja ili asikie kama yamekauka. Alituuliza sisi kwetu twachomaje. Tulimweleza habari za mbuzi na chumvi na ndimu, za mishikaki ya kando ya barabara, na hata za nguruwe ambaye watu wa Dar es Salaam kwa utani humwita kitimoto. Alisikiliza yote kwa makini, kama fundi asikilizavyo fundi, kisha akauliza swali moja tu: usiku, nani hukaa naye?

Tulimjibu kwamba mbuzi wetu hafiki usiku. Huanza kuliwa kabla hajaiva, na watoto ndio wa kwanza. Akacheka sana. Kisha akavaa glavu zake, akaingia ndani kuwasha moto wa usiku ule.

Kwaherini.